Tamthilia Hii Imetengenezewa Chumba Gani?

Mhakiki wa televisheni kwa kawaida hufanya kazi peke yake: mlango umefungwa, sauti imeongezwa, rimoti iko mkononi ili arudishe nyuma pale alipopitwa. Hapa Bariadi, mkoani Simiyu, ni wachache mno wanaotazama hivyo. Huku tamthilia hutazamwa sebuleni kwa jirani ambaye king'amuzi chake kimelipiwa, kwenye saluni ya kinyozi huku mashine ikinguruma, au kwenye kibanda umiza ambako mlango haufungwi kwa sababu ya joto. Mvua ikipiga bati, hata sauti ya mwisho kabisa haitoshi. Watu wanaingia na kusalimiana, na salamu ya Kisukuma haiishi kwa neno moja. Kwenye kona yuko bibi ambaye Kiswahili chake ni cha gulioni, na mjukuu anayemnong'oneza kwa Kisukuma kila kinachosemwa.

Kazi iliyohaririwa kwa ajili ya chumba kimya ikiingia humu inapoteza nusu ya maana yake. Nyingine inaingia na kutoka salama. Tofauti hiyo haitokani na bajeti peke yake, wala na uzuri wa waigizaji. Inatokana na uamuzi wa kiufundi: habari muhimu imewekwa wapi, imesemwa mara ngapi, na imeachiwa nafasi kiasi gani.

Daftari la "Kasemaje?"

Mimi na rafiki zangu tumezoea kutazama kazi mbili pamoja, moja mpya na moja ya zamani, kisha kuzilinganisha. Masharti ni machache. Hakuna kunyamazishana, na hakuna kurudisha nyuma. Mmoja wetu anashika daftari na kuandika dakika ambayo mtu yeyote ameuliza, "Kasemaje?" Tukimaliza ndipo tunarudi kwenye dakika hizo, moja moja, na kubishana: hapa kosa ni la mtazamaji aliyekuwa anapiga soga, au ni la mtengenezaji aliyeweka siri nzito mahali pasipo na ulinzi?

Usukumani uhakiki wa namna hii una mizizi. Katika ngoma za mashindano baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama ambavyo asili yake inahusishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Umati wenyewe ndio mwamuzi, na unaamua kwa miguu: walikojaa watu ndiko kwenye ushindi. Manju akiona watu wanahamia upande wa pili, anabadilisha hapohapo. Mhariri wa televisheni hana nafasi hiyo. Anakamilisha kazi yake bila kuuona uwanja, kwa hiyo kila anachojua kuhusu watazamaji lazima akiweke ndani ya kazi mapema.

Mtu mmoja, kipaza sauti kimoja

Safari hii tulianza na kazi za zamani. Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni mwaka 1994, lakini kanda za video zilikuwa zimetangulia, na pamoja nazo wakaja watafsiri. Jina lililotia fora ni Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilipanda juu ya filamu za kigeni na kuzifanya za hapa. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings aliipa sanaa hii nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu namna Waafrika wanavyojitwalia kazi za kigeni.

Ukisikiliza kwa sikio la fundi, mtafsiri wa aina hii anafanya kazi tatu kwa sauti moja. Kwanza anasema maneno ya wahusika. Pili anaeleza kinachotokea: huyu ndiye steringi, yule ni adui, na ugomvi wao ulianzia kwenye deni. Tatu anatoa maoni yake, anacheka, anaonya, anapachika methali. Anahama kutoka kazi moja hadi nyingine bila kutangaza, na mtazamaji anamfuata kwa mabadiliko ya kasi na lafudhi.

Kikwazo chake kikubwa kilikuwa mkondo wa sauti. Studio kubwa zinapouza kazi nje ya nchi hutoa muziki na vishindo kando, bila maneno, ili wenyeji waweke maneno yao. Mtafsiri wa kanda hakuwa na kitu hicho. Alikuwa na sauti moja iliyochanganywa tayari. Ili asikike, ilibidi ashushe kila kitu: maneno ya Kiingereza, muziki, hata mlio wa bunduki. Akinyamaza, anapandisha kila kitu tena. Kwa hiyo alilazimika kuamua, sekunde kwa sekunde, kama maelezo yake yana thamani kuliko mlio anaoufunika. Huo ni uhariri, tena mgumu, unaofanywa papo kwa papo na mtu asiyeweza kubadilisha picha hata moja.

Kwenye daftari letu, filamu ya kutafsiriwa ilizua "Kasemaje?" chache kuliko kazi nyingine zote. Sababu ni marudio. Mtafsiri haamini kwamba mtazamaji wake amekaa kimya. Anamtaja mhusika kwa jina kila anapotokea, anakumbusha kisa chake, anatabiri kinachokuja. Ukipitwa na sentensi moja, ya pili inakurudisha ndani. Gharama yake nayo ni kubwa: kila mhusika anakuwa na roho ya mtafsiri. Mwanamke anayelia na jambazi anayetishia wanatoka kwenye koo moja, na huzuni ya mwigizaji mwenyewe inazikwa chini ya simulizi.

Sultan: kazi iliyookolewa na ukimya

Kisha tukaja kwenye njia ya pili, ya kumpa kila mhusika sauti yake. Watanzania wengi walikutana nayo kupitia kazi ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, iliyorushwa na TBC kwa Kiswahili mwaka 2011. Ilipata umaarufu kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Lakini kazi iliyoteka sebule za Bariadi ni Sultan ya Azam TV, ambayo asili yake ni Muhteşem Yüzyıl ya Uturuki, iliyorushwa huko kuanzia 2011 hadi 2014 kwa sehemu 139. Ni kisa cha Sultani Suleiman na Hurrem, mtumwa aliyepanda hadi kuwa mke wa mtawala.

Hapa kazi ya fundi ni tofauti kabisa. Mtu wa sauti kwa kawaida hurekodi peke yake, picha ikiwa mbele yake, na lazima aanze na kumaliza pamoja na midomo asiyoimiliki. Herufi zinazofunga midomo, kama m, b na p, ndizo zinazomsaliti haraka. Zikikosewa kwenye picha ya karibu, hata mtoto anaona. Kiswahili kinaongeza tatizo lake. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo sentensi humalizika mdomo ukiwa wazi, wakati Kituruki mara nyingi humalizia kwa konsonanti. Mtafsiri wa muswada hulazimika kupanga upya maneno ili mwisho wa sentensi uangukie pale kamera ilipomhamia msikilizaji.

Mazingira ya kasri yalimsaidia. Kiswahili kimeishi na usultani, Zanzibar hadi Januari 1964, kwa hiyo waziri, suria, kasri na fitina za warithi hazikuhitaji kuelezwa. Msamiati ulikuwepo tayari, na heshima ya kumsemesha mkubwa ilikuwepo pia. Doudou, anayehangaika kwenye nyumba ya ghorofa mjini Beijing, hakuwa na akiba hiyo. Yeye aliokolewa na mgogoro wa mkwe, ambao hauhitaji tafsiri popote.

Tulitarajia daftari lijae, maana Sultan ni kazi ya siri na minong'ono, na kila sentensi inabeba njama. Halikujaa. Tulipochunguza dakika zilizopita salama, tuligundua kwamba wokovu haukutoka kwa wenye sauti. Ulitoka kwa mhariri wa Istanbul. Sehemu za tamthilia za Kituruki ni ndefu mno kwao, mara nyingi zaidi ya saa moja na nusu, na nje ya nchi hukatwa vipande vifupi. Ili kujaza muda huo, waongozaji wao hupenda mtazamo mrefu: Hurrem amesikia habari, kamera inamsogelea, muziki unapanda, hakuna anayesema. Mhakiki wa peke yake atalalamika kwamba kazi inajikokota. Kwenye sebule ya Bariadi sekunde hizo ndizo zinazofanya kazi. Mjukuu anamaliza kumnong'oneza bibi. Aliyetoka jikoni anaelezwa. Watu wawili wanabishana kama waziri amejua au hajajua, na mazungumzo yanaporudi kwenye skrini wote wako sawa.

Pale ambapo Sultan ilishindwa, ilishindwa kwa sababu moja inayojirudia: siri imesemwa kwa sauti ya chini juu ya muziki uliopanda. Katika mchanganyo wa asili mnong'ono huo unasikika. Kwenye spika ndogo ya televisheni, na mvua juu ya bati, unapotea wote.

Kazi za nyumbani

Kwa upande wa za kwetu, tulianza na kundi la Kaole lililokuwa likionekana ITV. Kwa watu wa huku kuna sababu ya ziada ya kulirudia: humo ndimo mwigizaji Steven Kanumba alimojengea jina, na Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, wakati Bariadi bado ni sehemu ya mkoa huo. Alifariki Aprili 2012, mwaka uleule Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa. Ufundi wa Kaole ni wa jukwaani uliohamishiwa sebuleni: kamera inakaa, waigizaji wanaingia na kutoka, maneno ni mengi. Katika michezo ya namna hiyo mwigizaji mara nyingi hupewa mwelekeo wa tukio na kujitungia maneno, na mtu anayejitungia maneno hurudia. Jambo moja linasemwa kwa mume, kisha kwa shoga, kisha kwa mama. Kwenye karatasi ni udhaifu. Kwenye chumba chenye kelele ni bima.

Siri ya Mtungi ilichukua njia ya kinyume. Ilitengenezwa na shirika la MFDI na kuanza kuonekana mwishoni mwa 2012, kisa chake kikimzunguka Cheche, fundi picha wa Bagamoyo, na mkewe Cheusi. Ilifadhiliwa ili kubeba ujumbe wa afya, lakini haihubiri. Inaonyesha. Ndoa inayumba kwa namna mtu anavyokaa kitini, kwa simu inayogeuzwa mezani. Ukiitazama kimya kimya, peke yako, ni kazi bora kuliko zote nilizozitaja. Katika kundi letu ilileta jambo la ajabu: "Kasemaje?" zilikuwa chache, lakini swali jipya likazaliwa, "Kafanyaje?" Aliyegeuka kumsalimia mgeni alikosa picha moja, na picha hiyo haikurudiwa kwa maneno. Kwenye skrini ndogo mchana, mwanga ukiingia mlangoni, ishara ndogo za uso hazionekani hata ukitazama.

Jua Kali ya mwongozaji Lamata, tamthilia ya chaneli ya Maisha Magic Bongo, imejifunza kutoka pande zote mbili. Picha zake ni safi na mandhari ni halisi, lakini muswada umejengwa kama wa tamthilia za mfululizo duniani kote: visa kadhaa vinakwenda sambamba, na habari kubwa inapita kwenye midomo ya wahusika wengi kabla haijaachwa. Aliyepitwa jana anaipata leo. Rafiki yetu anayeuza mitumba, ambaye siku za gulio hatazami kabisa, hakuwahi kutuuliza kisa kimefikia wapi.

Fundi afanye nini

Kazi inayostahimili chumba cha watu ina angalau kinga moja kati ya hizi: inarudia, inanyamaza, au inaonyesha kwa ukubwa. Yenye kinga mbili haizami. Isiyo nayo hata moja, kama zilivyo tamthilia nyingi za Kimarekani zenye majibizano ya haraka na maandishi madogo chini ya skrini, hubaki ya watu wenye chumba chao.

Kwa wanaoingiza sauti za Kiswahili, somo liko mahali ambapo wengi hawapaangalii. Mwigizaji anapoipa kamera mgongo, au picha inapomwonyesha msikilizaji, hakuna midomo ya kufuata. Hapo sentensi inaweza kuongezwa bila kuvunja kitu. Taja jina la anayesemwa. Kumbusha deni lilitoka wapi. Yale maelezo ambayo mtafsiri wa kanda aliyamwaga juu ya kila kitu, yaingie kwenye migongo na visogo, kwa sauti ya mhusika mwenyewe. Na mnong'ono wenye siri upandishwe juu ya muziki, hata kama mchanganyo wa asili haukufanya hivyo.

Kisha, kabla ya kurusha, sehemu ya kwanza ichezwe mbele ya watu wasioifahamu kazi hiyo, kwenye televisheni ya kawaida, mlango wazi, msimu wa mvua, na mtu mmoja mwenye daftari. Zoezi hilo halitagharimu zaidi ya jioni moja, na mhariri ataona umati unakoelekea wakati bado ana uwezo wa kubadilisha.