Nukta Chache za Ziwa Mweru

Kunyoosha mzingo wa umbo ndani ya PowerPoint ni ufundi usio na tuzo. Wengi hawajui hata kama upo: wanachukua duara au mshale uliokwishaundwa, wanaupaka rangi, safari inaendelea. Anayeandaa slaidi kuhusu Nchelenge, wilaya ya Zambia iliyo kando ya Ziwa Mweru, hafiki mbali kwa duara. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 131 hivi, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na kila upande wake una tabia zake.

Unaweka picha ya ramani kwenye slaidi, unachukua zana ya kuchora umbo huru, unauzunguka ufuko kwa kubofya mpaka urudi ulikoanzia. Umbo linajifunga, na ni baya, limejaa pembe kama kigae kilichovunjika. Wengi hulifuta hapo. Usilifute. Bofya kulia, chagua kuhariri nukta. Mstari unageuka mwekundu, vinundu vyeusi vinajitokeza kila mahali ulipobofya. Gusa kimoja: vinachomoza vishikio viwili, kila kimoja na kijisanduku cheupe nchani. Vuta kijisanduku taratibu, na mstari unajipinda ukifuata mkono wako.

Hesabu inayoupinda ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifanyia kazi Citroën mwishoni mwa miaka ya 1950, na Pierre Bézier akaitangaza akiwa Renault katika miaka ya 1960, ndiyo maana mikunjo hiyo inaitwa kwa jina lake. Uzuri wake ni kwamba mstari unapita kwenye nukta lakini haulazimiki kuvigusa vishikio. Vyenyewe vinauvuta tu kwa mbali.

Nukta ni za aina tatu, na Mweru inazitaka zote. Nukta laini huweka vishikio vyake kwenye mstari mmoja na kwa urefu sawa. Nukta nyoofu huviacha kwenye mstari mmoja lakini kimoja kinaweza kuwa kirefu kuliko mwenzake. Ya kona huacha kila kishikio kiende kivyake. Upande wa Kongo, ukingo wa bonde la ufa umesimama wima juu ya maji, kwa hiyo nukta chache zilizoachana, zenye vishikio virefu, zinatosha. Upande wa Zambia, huko Nchelenge na Kashikishi, nchi inainuka polepole, na mpindo wake uwe mpole vilevile. Pweto, mto Luvua unapotoka ziwani, ni mahali pa kona.

Kusini ndiko kwenye kazi. Mto Luapula unaingia ziwani kupitia vinamasi na matete, na huko hakuna ufuko wa kuufuata. Maji hujaa kufikia Mei na hupungua kufikia Januari, kwa hiyo mstari wowote utakaouchora ni wa mwezi fulani tu. Mimi hukichora kinamasi kama umbo la pili, la rangi hafifu, lisilo na mzingo kabisa, nikalilaza chini ya ziwa.

Anayejifunza huongeza nukta kila anapoona kasoro, na kila nukta mpya inazaa kibonyeo kipya. Fundi kazi yake kubwa ni kufuta. Unashikilia Ctrl, unabofya nukta, imeondoka. Mstari ukibaki palepale, ile ilikuwa inakula bure.

Atakayesema haya ni mapambo aangalie ramani za malaria. Nchelenge ni wilaya ambayo watafiti wameichunguza kwa miaka mingi, kwa sababu ugonjwa umeng'ang'ania licha ya vyandarua na dawa za kupulizia kutani. Mbu anayetawala huko ni Anopheles funestus, na umbali kati ya nyumba na maji si jambo dogo. Sasa piga hesabu. Ziwa likichorwa kwa urefu wa sentimita 16 kwenye slaidi, milimita moja ni zaidi ya mita 800. Mzingo wa unene wa pointi 3 unazidi milimita hiyo kidogo, na nusu ya unene wake inaangukia nchi kavu. Hapo umeshazamisha mita 400 za makazi ya watu, tena yale yaliyo karibu zaidi na maji, ambayo ndiyo ramani ya malaria ilipaswa kuyaonyesha. Ziwa liwe na rangi ndani, mzingo uondolewe.

Linabaki suala la mpaka wa Zambia na Kongo unaokatiza ziwa, na hapa nashindwa kujizuia kutabasamu. Mkataba wa Mei 12, 1894, kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, uliuvusha mpaka moja kwa moja kutoka mto unapotoka ziwani hadi Luapula inapoingia. Mstari huo ungekiacha kisiwa cha Kilwa upande wa Leopold, basi mkataba wenyewe ukaagiza upindwe ili kisiwa kiwe cha Waingereza. Leo ni cha Zambia, ingawa mji wa Kilwa ulio ng'ambo ni wa Kongo. Wanadiplomasia wale walikuwa wanahariri nukta. Ukiuchora mpaka huo, anza na kipande kilichonyooka, ongeza nukta moja, ivute magharibi hadi ikipite kisiwa, na uichague iwe ya kona. Mpindo huo haukuchongwa na maji wala mawe, kwa hiyo usiulainishe.