Miguu Myembamba

Meza ninayoandikia ilianzia kwenye simu. Ilikuwa picha tu: meza ya Denmark ya miaka ya 1950, rangi ya asali, droo mbili, miguu minne iliyotanuka kidogo na kuchongoka kwenda chini kama penseli. Nikaipeleka kwa fundi hapa Section 58, mzee ambaye karakana yake ni mabati machache na randa moja ya umeme. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Na hii inashikwa na nini?"

Sijasoma uhakiki wa mtindo huu unaolishinda hilo swali.

Baada ya Vita vya Pili, wabunifu kama Hans Wegner waliondoa kwenye fanicha kila kitu kisicho na kazi. Tunachosahau ni kwamba Wegner alikuwa seremala kabla ya kuwa mbunifu. Ule wepesi haukuja bure. Nguvu ilihamishwa tu, ikafichwa ndani ya maungio, ulimi umekaza kwenye tundu lake. Na picha haionyeshi ulimi.

Mimi niling'ang'ania mambo mawili. Moja, mbao halisi kila mahali, plaiwudi nisiione. Mbili, fremu inayopita chini ya uso wa meza iwe nyembamba, sentimita 4, kwa sababu kwenye picha haionekani. "Madam, hiyo itacheza," fundi akasema. Nikamwambia afuate picha.

Kichekesho ni kwamba nyingi za meza zile hazikuwa mbao tupu. Miguu ndiyo, lakini uso mara nyingi ulikuwa ngozi nyembamba ya msaji iliyogandishwa juu ya ubao wa kuunganishwa. Walijua mbao pana hupumua: hutanuka wakati wa mvua, husinyaa kiangazi. Yaani nilitaka kuwa Mdenmaki kuliko Wadenmaki!

Na mbao yenyewe? Msaji wao ulitoka Asia. Mimi nilinunua saiprasi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na ndiyo mfuko wangu uliiweza. Mzee anasema tangu marufuku ya kukata miti ya Februari 2018, ambayo Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, alijifunza kununua kinachopatikana, si anachotaka. Lakini saiprasi ni laini. Ukiichonga mguu mwembamba hivyo, ncha hubonyea kama sabuni. Januari ukavu ulipofika, uso ukapasuka mstari wa urefu wa kalamu, maana tuliupiga gundi na skrubu pande zote bila kuuachia nafasi ya kusogea.

Maduka ya mitandaoni yamelitatua hili kivyao: sanduku lilelile la MDF, miguu minne ya kuchongoka inafungwa chini, bei inapanda. Huo ni kubadilisha lafudhi, si kujifunza lugha.

Baba yangu alifanya kazi kwenye meza ya mvule, ya serikali, pana kama kitanda. Niliichukia. Ilihitaji wanaume wanne kuihamisha. Lakini haikuwahi kutetemeka mtu akiandika, na nimeanza kuiheshimu kwa shingo upande.

Meza ya pili mzee amechora mwenyewe, juu ya kipande cha katoni. Grevilia, mti wa Australia uliozoea mashamba yetu hadi tukasahau kuwa ni mgeni, wenye madoadoa yanayong'aa ukiupasua vizuri. Fremu sentimita 8, ila imerudishwa ndani ili kivuli kiifiche. Ukingo wa uso umekatwa mshazari kwa chini, macho yadhani ni mwembamba. Skrubu zinakaa kwenye matundu marefu, mbao isogee itakavyo. Picha yangu hakuirudia hata kidogo, na bado ndiye aliyemkaribia Wegner kuniliko.

Bado haijapigwa vanishi. Nimeambiwa Jumamosi, na Jumamosi ya fundi unaijua. Kwa sasa nimeweka kibao chini ya mguu mmoja wa hii ya kwanza, na naandika nikiegemea kushoto.