Vioo Viwili: Hamu ya Kale katika Riwaya za Maangamizi

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hamu ya kale halikuzaliwa katika fasihi bali katika utabibu. Mnamo mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari, aliwasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Basel kuhusu maradhi yaliyowasibu Waswisi waliokuwa mbali na kwao, na ili kuyapa jina akaliunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu. Baada ya muda maradhi yenyewe yakahama: mgonjwa hakutamani tena mahali, alitamani wakati. Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa jambo hili. Kina hamu, kina majonzi, kina ukiwa. Hapa litatumika jina la hamu ya kale, na swali litakalochunguzwa ni kazi inayofanywa na hamu hiyo katika riwaya zinazosawiri ulimwengu uliokwisha angamia, au jamii iliyogeuzwa jehanamu na watawala wake.

Ni jambo la kawaida kusikia darasani kwamba katika riwaya za aina hii yaliyopita ni silaha ya mnyonge: mtawala anafuta, mhusika anakumbuka, na kukumbuka kwake ni uasi. Rai hii si ya kutupwa. Lakini inaunganisha mambo mawili ambayo waandishi wenyewe, walio bora miongoni mwao, wameyatenga kwa uangalifu mkubwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki alikutana na suala hili mapema, katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya hadithi ya George Orwell, iliyotolewa mwaka 1967. Wanyama wazee wanajitahidi kukumbuka kama hali katika siku za mwanzo za mapinduzi, mara tu baada ya kufukuzwa kwa bwana shamba, ilikuwa bora au mbaya kuliko ile ya sasa. Hawawezi. Hawana cha kulinganishia isipokuwa orodha za tarakimu zinazosomwa na nguruwe msemaji wa serikali, na kila tarakimu inathibitisha maendeleo. Punda peke yake anadai kuyakumbuka yote, naye anasema hali haijapata kuwa njema sana wala mbaya sana. Hapo hamna hata chembe ya hamu. Kuna pengo tu mahali palipostahili kuwa na ushahidi, na ukatili wa hadithi ile umo katika pengo hilo zaidi kuliko katika mijeledi ya nguruwe.

Katika riwaya yake ya mwisho, Nineteen Eighty-Four (1949), Orwell analirudia pengo hilo, na safari hii anamleta mtu anayetaka kulijaza. Winston Smith anaingia katika kilabu cha pombe cha makabwela, anamnunulia bia mzee wa miaka ipatayo themanini, na kumwuliza swali moja tu: je, maisha ya kabla ya Chama yalikuwa bora kuliko haya? Mzee anajibu kwa wingi wa maneno. Analalamika kwamba siku hizi bia hupimwa kwa lita na painti haipatikani tena; anakumbuka kofia ndefu za matajiri, na jinsi tajiri mmoja mlevi alivyowahi kumsukuma njiani. Hamu anayo tele, lakini jibu hana. Wapo wazee wa namna hiyo kila mahali, hata Nairobi, ambao watakueleza shilingi moja ilinunua nini enzi za mkoloni na wasiseme neno juu ya kipande walichofungwa shingoni. Orwell hamdharau mzee huyu. Anachoonyesha ni kwamba vitu vidogo vinaweza kudumu katika fahamu ilhali uhusiano baina yavyo umekwisha kufa.

Akitoka hapo Winston anaenda katika duka la vikorokoro la Bwana Charrington, na kwa dola nne ananunua kioo cha kukandamizia karatasi, nusu duara, chenye kipande cha marijani ndani yake. Anakipenda kwa sababu hakina kazi na kwa sababu ni cha zama nyingine. Baadaye anapanga chumba kilicho juu ya duka hilo, chenye kitanda kikubwa na picha ya kanisa ukutani, na akilala humo na Julia anajiona kana kwamba ameingia ndani ya kioo kile. Mwenye duka anamfundisha vipande vya wimbo wa watoto kuhusu kengele za London. Kila kitu chumbani humo kina harufu ya kale.

Na kila kitu chumbani humo ni mtego. Nyuma ya picha ya kanisa pamefichwa chombo cha serikali cha kutazamia watu. Charrington ni askari wa Polisi wa Fikra. Siku ya kukamatwa kwa wapenzi wale lafudhi yake ya kimtaa imetoweka, nywele zake nyeupe zimekuwa nyeusi, na ni mtu wa makamo tu. Kioo kinarushwa jikoni na kuvunjika, na marijani, iliyoonekana kubwa kupitia kioo, inadhihirika kuwa kipunje. Mhakiki anayesema kwamba hamu ya kale ni uasi hana budi kueleza jambo hili: dukani hapo ndipo Winston alipouziwa daftari la kuandikia mawazo yake ya siri, na O'Brien, atakayekuja kumtesa, ndiye aliyemkamilishia ubeti wa wimbo. Walipokunywa mvinyo nyumbani kwa O'Brien, Winston ndiye aliyependekeza wanywe kwa ajili ya yaliyopita, na mtesaji wake akakubali kwa uzito kabisa. Dola iliyofuta historia ndiyo hiyo hiyo inayouza mabaki yake. Inajua bei yake, na inajua nani atakuja kununua.

Inashangaza kwamba kioo cha namna hiyo hiyo kinaonekana tena katika Station Eleven (2014), riwaya ya Emily St. John Mandel wa Kanada. Homa imewaua watu karibu wote duniani. Miaka ishirini baadaye kundi la waigizaji na wanamuziki linazunguka kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini likicheza tamthilia za Shakespeare. Kirsten, aliyekuwa na umri wa miaka minane maafa yalipotokea, anabeba mkobani kioo cha kukandamizia karatasi chenye mfano wa mawingu ya dhoruba ndani yake. Msomaji anafahamu kioo hicho kimepita katika mikono ya nani na nani, Kirsten hafahamu. Kwake ni kizuri, basi. Hakimrudishi popote, kwa kuwa ya kale yenyewe karibu ameyasahau yote. Kwa hiyo kioo cha Mandel hakiwezi kuwa mtego, na papo hapo hakiwezi kumwambia lolote.

Mandel ana jasiri nyingine isiyotulia vizuri. Mapema katika riwaya anatoa orodha ndefu ya vitu ambavyo havipo tena: mabwawa ya kuogelea yenye taa, ndege, dawa, nchi zenyewe. Orodha hiyo imewavutia wasomaji wengi, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini msomaji wa Kiswahili hataacha kuikumbuka orodha nyingine, ile ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo majumba ya Pate yanahesabiwa chumba kwa chumba: taa zilizong'ara zimezimika, na zidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri sasa ni makazi ya ndege. Fani inafanana. Dhamira haifanani hata kidogo. Mshairi wa pwani hawatamani mabwana wa Pate warejee. Anauhesabia moyo wake mwenyewe uharibifu wa wengine ili uone zamu yake. Hesabu yake ina mshtakiwa. Orodha ya Mandel haina, na aliyekuwa akioga katika mabwawa yale na aliyekuwa akiyasafisha wanaliliwa kwa chozi moja. Kwa haki yake, mahali pengine mwandishi huyu analiona kosa hilo: Clark, mlinzi wa jumba la makumbusho katika uwanja wa ndege, anatazama tufe la kioo lenye theluji ya bandia na kuwafikiria wote waliolitengeneza, hadi mfanyakazi wa kiwandani China na mabaharia wa meli iliyolisafirisha. Ukurasa huo mmoja una thamani kupita orodha nzima.

Cormac McCarthy, katika The Road (2006), hana subira na lolote kati ya hayo. Baba anaamini kwamba ndoto njema za dunia iliyopita ni mwito wa mauti, na anaiacha picha ya mkewe barabarani. Hata hivyo anamwingiza mwanawe katika nyumba aliyokulia, naye mtoto, aliyezaliwa baada ya maangamizi, anaogopa na kutaka watoke. Hamu hairithiki.

Yabaki yale ambayo Orwell ameyatenga. Winston anakumbuka pia jambo lisilouzwa dukani: alipokuwa mtoto, wakati wa njaa, alimpokonya dada yake mgonjwa kipande cha chokoleti na kukimbia, naye mama akamzungushia mtoto yule mkono, ishara isiyoweza kumpa chakula. Aliporudi hakuwakuta tena. Kumbukumbu hii haina utamu; ina hatia, na kwa sababu hiyo inamfundisha Winston kitu juu ya nafsi yake ambacho marijani haikuweza kumfundisha. Itapingwa kwamba kumbukumbu hiyo nayo inamjia katika chumba kile kile cha mtego, na kwamba mwenyewe anahisi ndoto yake imetokea ndani ya kioo. Pingamizi hilo ni la kweli, wala Orwell hakulikwepa. Lakini kioo kinapovunjika, Polisi wanaokota mwili tu. Kumbukumbu ya mama inahitaji kazi nyingine, ndefu, katika vyumba vya Wizara ya Upendo.

Kazi hiyo inakamilika katika kurasa za mwisho. Winston ameketi mkahawani, ameshavunjwa, na pasi na kuitwa inamjia siku moja ya mvua ya utotoni: mama amenunua mchezo wa nyoka na ngazi, wanacheza kwa mwanga wa mshumaa, na dada mdogo asiyeelewa mchezo anacheka kwa sababu wengine wanacheka. Winston anaifukuza picha hiyo. Anajiambia kwamba ni kumbukumbu ya uongo, kisha anautazama tena ubao wa sataranji ulio mbele yake.