Kazi Aliyoachiwa Mwenye Bunduki

Huğlu ni mji mdogo wa milimani, wilaya ya Beyşehir, mkoa wa Konya, huko Uturuki. Watu wake wamekuwa wakitengeneza bunduki za kuwindia tangu zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, kwanza kwenye karakana ndogo za nyumbani, ambako kijana alijifunza tupa na jiliwa kwa baba yake. Mwaka 1962 mafundi hao waliungana wakaunda ushirika. Leo chuma hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na shotigani za Kituruki, za Huğlu na za viwanda vingine vingi vya nchi hiyo, zimejaa kwenye maduka ya Marekani. Utaikuta moja inayojipakia yenyewe kwa dola 400 au 500, na pembeni yake ya Kiitaliano, yenye mfumo uleule, imevuka dola 1,500.

Tofauti hiyo haitokani na chuma peke yake. Mashine ya Uturuki hukata bolti kwa vipimo vizuri kabisa. Kinachogharimu ni mkono wa mtu mwishoni mwa kazi: kuondoa ncha kali zilizobaki baada ya kukata, kung'arisha njia ambamo bolti hupita, kuchagua springi, kujaribu, kurudia. Kiwanda cha bei nafuu hupunguza saa hizo. Ndiyo maana naiheshimu bunduki ya namna hii na kumheshimu zaidi anayeitunza: amenunua kazi ambayo haijaisha, na sehemu iliyobaki ni ya kwake.

Tena si jambo geni. Tangu mwanzo shotigani inayojipakia ilimtaka mwenyewe aielewe. John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah, ndiye aliyeunda ya kwanza iliyofanikiwa sokoni. Kampuni ya Winchester haikukubali masharti yake ya malipo. Januari 1902 akaipeleka kwa Remington, na akiwa bado anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, mkuu huyo akafariki ghafla. Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN kule Herstal, na huko ikapokelewa. Ilikuja kujulikana kama Auto-5 na ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990. Ndani ya bunduki hiyo mtutu wote hurudi nyuma pamoja na bolti, na mwendo wake hupunguzwa na pete zinazobana bomba la risasi. Ukitaka kupiga risasi nzito, pete ya chuma hukaa mbele ya springi ili breki iwe kali. Ukitaka kupiga nyepesi, unaihamishia nyuma ya springi. Asiyejua mpango huo alikuwa akiigonga bunduki yake mwenyewe mpaka mbao za mbele zikapasuka. Aliyeujua aliwaachia wajukuu bunduki hiyo.

Baadaye ukaja mfumo wa gesi, ulioenea sana baada ya Remington kutoa modeli ya 1100 mwaka 1963. Mtutu una matundu madogo, gesi ya baruti hupenya humo na kusukuma pistoni, nayo pistoni husukuma bolti. Teke lake begani huwa laini, lakini masizi hujaa kwenye pistoni, na asiyesafisha huishia na bunduki ya risasi moja moja.

Mfumo ninaoupenda mimi ni wa tatu, wa inesha, uliobuniwa na Bruno Civolani wa Bologna na kujulikana duniani kupitia Benelli, kampuni iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967. Ni rahisi kiasi kwamba mtu huutilia shaka mpaka aushike mkononi. Bolti ina vipande viwili: mwili mzito na kichwa kinachozunguka, chenye meno mawili yanayojifunga mkiani mwa mtutu. Kati yao kuna springi fupi, ngumu. Risasi ikipigwa, bunduki nzima hurudi nyuma, lakini ule mwili mzito hubaki ulipo kwa kitambo kidogo, kama abiria aliyesimama ndani ya basi linapoondoka ghafla. Kwa kubaki huko huibana springi. Springi ikijikunjua huutupa mwili wa bolti nyuma, kichwa huzunguka na kujifungua, ganda tupu hurushwa nje, risasi mpya hupanda. Hakuna tundu la gesi, hakuna pistoni, na masizi mengi hutokea mdomoni mwa mtutu. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vingi vya Uturuki viliuchukua mfumo huu, na hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida alipoweza kuumiliki.

Yangu ni ya aina hiyo, geji 12. Maana ya namba hiyo ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, kila tufe linaenea ndani ya mtutu huo, ambao upana wake ni takribani milimita 18.5. Ubavuni imechongwa jina la aliyeiingiza nchini, mji wake na jimbo lake, pamoja na nchi ilikotengenezwa. Sheria ya Marekani inataka hivyo kwa bunduki za kutoka nje. Ninaitumia kuwinda bata mabwawani huku Minnesota, na nje ya msimu kulenga visahani vya udongo.

Kazi ya kwanza huanza kabla ya risasi ya kwanza. Hakikisha bunduki haina kitu: fungua bolti, tazama chemba, kisha tia kidole uhisi, tazama bomba la risasi, kisha hisi tena. Ndipo uifungue. Kofia ya mbele inatoka, kishikio cha mbele kinafuata, mtutu unateleza nje. Mpini wa bolti huvutwa kwa nguvu ya mkono, na bolti inatoka. Pini inasukumwa, na mtambo mzima wa kifyatulio unashuka kama kipande kimoja. Mzee mmoja fundi niliyekuwa nikimtazama akifanya kazi hii alikuwa akitandaza kitambaa cheupe na kupanga kila kipande kwa utaratibu kilivyotoka, kuanzia kushoto kwenda kulia, ili kurudisha kuwe ni kusoma mstari ule kinyumenyume. Hakuwahi kulazimisha kitu. Kipande kikigoma, aliamini kuna pini hajaiona, na kila mara ilikuwepo.

Vyuma vyote hutoka kiwandani vikiwa vimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu wakati wa safari. Mafuta hayo si ya kulainisha. Yakiachwa yanashika vumbi na chembe za baruti, na bolti inaanza kwenda kwa kujikokota. Yanaoshwa yote, mpaka chuma kinakauka. Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Chukua pamba kavu uipitishe polepole kwenye kila ukingo: njia za bolti, mdomo wa chemba, kinyanyulio kinachopandisha risasi. Mahali pamba inaponasa na kuacha uzi, pana ncha ya chuma ambayo jicho halikuiona. Pale unapita na msasa laini, namba 600 au laini zaidi, uliolowanishwa mafuta, mara chache tu, kisha unajaribu tena kwa pamba. Lengo ni kuondoa ncha, si kubadili umbo.

Na kuna mahali ambapo msasa haufiki kamwe. Nyuso zinazoshikana ndani ya mtambo wa kifyatulio, zile zinazozuia nyundo isianguke, ndizo usalama wenyewe. Meno ya kichwa cha bolti nayo yana vipimo vinavyoamua kama chemba imefungwa sawasawa. Mmiliki mwenye busara huvisafisha na kuviacha. Vikihitaji kuguswa, vinakwenda kwa fundi bunduki aliyesomea. Mzee yule, mwenye mikono ya kuweza chochote, alikuwa na heshima hiyo, na ninaihesabu kuwa sehemu ya ufundi wake sawa na kila alichokitengeneza.

Bunduki mpya ya inesha ina springi ngumu na njia ambazo hazijazoeana. Viwanda vyenyewe hushauri kuanza na risasi nzito kiasi, za gramu 32 au 36, kabla ya kuteremka kwenye zile nyepesi za gramu 28. Wengi hawasomi ushauri huo. Wananunua risasi za bei ya chini kabisa, ganda linakwama, wanasema bunduki ni mbovu. Mwenye subira huipa siku ya kujifunza. Akirudi nyumbani huifungua tena na kuitazama, kwa sababu sasa chuma kimeanza kusema. Pale vipande vinapogusana pamekwanguka rangi na kung'aa. Mistari ikiwa sawa pande zote mbili za bolti, mambo ni mazuri. Ikiwa upande mmoja unang'aa sana na wa pili bado mweusi, kuna ukingo unaosukuma bolti upande, na pamba itakuonyesha ulipo.

Mafuta ni somo la peke yake. Tone la grisi kwenye meno ya kichwa cha bolti, utando mwembamba wa mafuta kwenye njia zake, tone kwenye mtambo wa kifyatulio. Basi. Anayemimina anadhani anaitunza, kumbe anaitegea. Asubuhi ya Novemba bwawani, baridi hugandisha mafuta yaliyozidi, bolti inafunga polepole, na kichwa chake hakizunguki mpaka mwisho. Bunduki za inesha zina udhaifu huo. Ukiirudisha bolti kwa kuishikilia ili isipige kelele, inaweza kubaki imefunguka kwa nywele moja. Utalenga bata, utavuta, utasikia mlio mkavu tu. Kwa hiyo waliozoea huiachia bolti ijifunge kwa nguvu yake yenyewe, halafu huusukuma mpini kwa kiganja kuhakikisha.

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote imefichwa ndani ya kitako. Katika bunduki nyingi za aina hii, springi ndefu inayorudisha bolti hukaa kwenye bomba linaloingia ndani ya mbao au plastiki ya kitako. Mwindaji wa bata huegemeza bunduki kwenye mtumbwi wenye maji, hutembea nayo mvuani, na maji huteremka humo taratibu. Nje bunduki inang'aa. Ndani springi inakula kutu. Kuifikia kunataka kuondoa mpira wa begani kwa bisibisi, kufungua nati kwa spana ya shingo ndefu, kuvuta kitako, kisha kulegeza kizibo cha bomba huku ukikizuia kwa kiganja, maana springi iko tayari kuruka. Inatoka ikiwa na maji ya rangi ya chai na mchanga mwembamba. Unaifuta pingili kwa pingili, unasafisha bomba kwa brashi mpaka kitambaa kinatoka kikavu na safi, unapaka mafuta kidogo, unarudisha. Ni kazi ya jioni moja, mara moja kwa msimu. Nimeona bunduki zikiuzwa kwa bei ya kutupa, zikisemwa haziwezi kujipakia, na ugonjwa wao ulikuwa huu tu.

Mtutu una madai machache zaidi. Mingi ya Kituruki imepakwa kromu ndani, kwa hiyo kutu haiingii upesi, lakini vikombe vya plastiki vinavyobeba marisau huacha utando ambao hutoka kwa dawa na brashi. Choki, kile kipande cha mdomoni kinachokusanya marisau, lazima kifunguliwe, kipakwe grisi kwenye nyuzi zake na kurudishwa, la sivyo kitashikana na mtutu. Choki yenyewe ichaguliwe kwa akili. Tangu 1991 Marekani imekataza marisau ya madini ya risasi kwa bata na mabata bukini, hivyo tunapiga ya chuma, ambayo hayabonyei yanapopita mahali pembamba. Kwa hayo hutumika choki iliyo wazi zaidi, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa chuma.

Lipo jambo moja ambalo mkono wa mmiliki hauwezi kulitimiza, nalo ni vipuri. Waingizaji hubadilika, modeli huachwa, na miaka kumi baadaye kucha inayovuta ganda inaweza isipatikane kirahisi. Wanaojali hununua mapema, bunduki ikiwa bado ipo dukani: kucha moja na springi yake, springi ya kurudisha bolti, pini ya kupigia fataki. Vyote vinaingia kwenye kopo dogo, na kopo linakaa ndani ya kabati lilelile la chuma lenye kufuli ambamo bunduki hulala.

Kwa hiyo anayetaka kununua bunduki ya namna hii atenge bei yake, bei ya kopo hilo, na jioni kadhaa za kazi ya mikono. Akijumlisha yote hajafika nusu ya bei ya ile ya Kiitaliano. Na atakuwa amepata ujuzi ambao bunduki iliyomalizwa kiwandani haimlazimishi mwenyewe kuupata: atajua kila pini ilipo na kila ukingo ulivyo, na siku bolti ikifunga kwa mlio tofauti, atajua pa kufungua kwanza.