Kura au Kula? Tahakiki ya Ufundishaji wa Usomaji Mkoani Mwanza

Jina Buzuruga huandikwa kwa r, lakini msemaji wa Kisukuma huweza kulitamka kwa l, kwa kuwa lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizo. Mtoto wa eneo hilo la jiji la Mwanza akikuta neno kura kitabuni, akatamka kula, je, ameshindwa kusoma? Mpimaji anayesikiliza sauti tu atamhesabia kosa. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo ni ya haraka: sharti kwanza aulizwe maana. Akieleza habari za uchaguzi, amesoma. Akieleza habari za chakula, hajasoma.

Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) wa mwaka 2015 ulimwanzisha mwanafunzi kwa sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno. Njia hii inakiafiki Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi ni wazi na tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu. Wepesi huo ndio mtego. Mwanafunzi huweza kutamka aya nzima barabara pasipo kuambulia chochote, na mwalimu anayehesabu maneno kwa dakika akamwita msomaji fasaha.

Mwanza iliwahi kulikabili tatizo hili kwa upande wa pili. Mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, ulioanzishwa na Serikali na UNESCO mwaka 1968 ukiwa na makao yake mjini humo, ulifungamanisha kusoma na kazi. Kitabu cha Pamba ni Mali kilimkuta mkulima na neno alilokwisha kulijua shambani. Maana ilitangulia herufi, na hapo ndipo ulipo ubora wake hata leo. Hata hivyo, matini za kazi huagiza. Msomaji wake hufundishwa kutii zaidi kuliko kujibizana na maandishi. (Kichwa cha kitabu chenyewe kimekwisha kutoa uamuzi.)

Darasa la Buzuruga linahitaji matini ya namna nyingine: ngano zinazosimuliwa nyumbani kwa Kisukuma, ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, kisha mwalimu aulize swali ambalo jibu lake halimo katika sentensi yoyote. Wanafunzi wakiwa wengi hawezi kumuuliza kila mmoja. Basi aanze na yule aliyesoma haraka kuliko wote.