Majisifu Alipewa Chupa Tu

Kama ulifanya KCSE miaka ile ya Kidagaa, unaijua siku yenyewe. Basi la shule, mkate na soda, mwalimu wa Kiswahili akihesabu vichwa mara tatu. Sisi tuliletwa Machakos mjini mwaka 2016, Fomu Foo wote, hadi kwenye bwalo la shule moja ya wasichana upande wa milima ya Iveti (ndiyo, wavulana mia na kitu, kwa hivyo usiniulize nani alisikiliza nusu saa ya kwanza). Kundi la waigizaji lilikuwa limekuja na Kidagaa Kimemwozea, riwaya nzima ya Ken Walibora, asubuhi moja, maikrofoni mbili.

Nilicheka kama wengine. Lakini kuna jambo limenikaa tangu siku hiyo, nalo linamhusu Mwalimu Majisifu.

Kwenye kitabu, Majisifu ni mwandishi aliyeiba. Alichukua mswada wa kijana Amani akauchapisha kwa jina lake, na sasa anaishi ndani ya sifa zisizo zake: mlevi, mwalimu asiyefundisha, baba anayewaonea haya watoto wake wenye ulemavu. Amani mwenyewe yuko hapo hapo Sokomoko, anamchungia ng'ombe Mtemi Nasaba Bora, ndugu yake Majisifu. Soma polepole uone pombe inafanya kazi gani kwa mtu huyu. Kila anayemsifia kitabu anamkumbusha, na kila chupa inamsahaulisha hadi asubuhi.

Jukwaani alipewa chupa tu. Aliingia akiyumba, akaanguka juu ya kiti, akaamka, akaanguka tena, bwalo likalipuka. Matuko Weye, askari wa zamani aliyerukwa na akili, akavishwa suruali iliyopasuka nyuma. Mashaka, bintiye Mtemi, anayepata wazimu baada ya kuachwa na Ben Bella, alitimuliwa nywele akakimbizwa jukwaani mara mbili. Watu watatu walioumia kichwani, na wote watatu tukawacheka hadi machozi.

Siwalaumu sana waigizaji. Show za setibuku zina kazi yake: mtoto akikutana na "eleza muktadha wa dondoo hili" kwenye karatasi ya tatu, akumbuke nani alimwambia nani, wapi, na kwa nini. Mtihani unataka matukio, basi jukwaa linaleta matukio. Na mchana wana shule nyingine inawangoja.

Ila mtu asiniambie kwamba akili iliyovurugika haipandi jukwaani kwa Kiswahili. Ebrahim Hussein aliipandisha zamani, 1971, kwenye Mashetani. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu hadi mchezo unamwingia Kitaru akaugua. Hapo ugonjwa ndio tamthilia yenyewe. Hakuna anayehitaji suruali iliyopasuka.

Na hata siku ile Machakos, jambo hilo lilitokea kidogo. Kwa bahati mbaya. Tulikuwa tumefika pale Majisifu anapoalikwa Chuo Kikuu cha Wangwani kuzungumzia "kitabu chake". Stima zikapotea. Maikrofoni kimya. Mwigizaji hakujua aendelee au angoje, akabaki amesimama na kitabu mkononi. Akakifungua. Akakigeuza akaangalia jalada, lilipo jina. Akakifunga. Bwalo lote likanyamaza, hata wale wa viti vya nyuma waliokuwa wakipitisha vikaratasi kwa wasichana, na kwa kama nusu dakika nilimwona mtu aliyejua alichofanya.

Stima zikarudi. Akayumba, tukacheka.

Walibora alipofariki, Aprili 2020, nilikitafuta kitabu changu cha shule nikakisoma upya bila mtihani. Kando ya ukurasa mmoja nilikuwa nimeandika kwa penseli: Majisifu – mlevi, mwizi, baba mbaya. Nilikuwa nimeweka na alama pembeni. Tatu kwa tatu.