Kupima Habari za Chanjo na Usonji

Ni desturi yetu kuhakiki mashairi na hadithi, na kuziacha habari za magazeti zipite bila ya kuulizwa. Desturi hiyo ina kasoro. Shairi baya huchosha sikio, lakini habari mbaya yaweza kumtia mtoto kaburini. Kwa hiyo na tuitazame habari moja iliyoenea dunia nzima, nayo ni ile iliyodai kwamba chanjo ya watoto huleta usonji, hali ya ubongo ambayo humfanya mtoto azungumze, acheze na kuchangamana na watu kwa namna iliyo tofauti na wenziwe.

Chimbuko lake ni London. Mwezi wa Februari 1998, daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala juu ya watoto 12. Makala yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha uhusiano wowote na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Walakini, mbele ya waandishi wa habari, Wakefield alishauri chanjo hizo zitolewe mbalimbali. Magazeti mengi yakauchukua ushauri na kuliacha ungamo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza: vichwa vya habari vilisema zaidi ya makala.

Kosa la pili lilivaa vazi la uadilifu. Waandishi walimpa nafasi mmoja aliyeishutumu chanjo, na nafasi kama hiyo mmoja aliyeitetea, wakadhani wametenda haki. Uchunguzi wa Denmark uliotolewa Novemba 2002 ulihusu watoto 537,303, wala haukuona kwamba usonji ulizidi kwa waliochanjwa. Katika kitanga kimoja cha mizani walikuwamo watoto 12. Katika cha pili, zaidi ya nusu milioni. Na msomaji akaonyeshwa kwamba vitanga vimelingana. Watafiti wa Cardiff waliozipima habari za mwaka ule walieleza mwaka 2003 kwamba zaidi ya nusu ya watu waliohojiwa Uingereza waliamini kuwa ushahidi wa pande mbili ni sawa. Ikiwa hiyo ndiyo haki, basi kadhi na awasikilize mashahidi mia na mmoja, kisha aseme kesi ni sare.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kinachofuata kimesababishwa na kilichotangulia. Dalili za usonji aghalabu huonekana katika mwaka wa pili wa mtoto, majira yale yale ya chanjo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, wala hapana asemaye kuwa jogoo ndiye alichomozaye jua. Uchungu wa mzazi aliyeona mwanawe amebadilika baada ya sindano ni wa kweli, nao wastahili kuandikwa kwa heshima. Lakini uchungu si ushahidi wa chanzo.

Haki yataka tuseme pia kwamba mwandishi wa habari ndiye aliyefichua mengi. Mwaka 2004 Brian Deer alieleza katika Sunday Times kwamba Wakefield alikuwa amelipwa kwa kazi ya mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka huo huo wenzake 10 waliikana tafsiri ya makala ile. Februari 2010 jarida liliifuta, na Mei mwaka huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya miaka 12, na katika miaka hiyo surua ilirejea Uingereza.

Yatuhusu nini sisi wa Kikambala, kando ya barabara ya Mombasa na Malindi? Yatuhusu sana. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi walichapisha maelezo ya wazazi na wataalamu wa pwani hii juu ya chanzo cha usonji. Walitajiwa pepo, uchawi na laana, pamoja na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Mama aliyekwisha kubebeshwa laana, habari ile humtwika mzigo wa pili: aambiwa kwamba yeye ndiye aliyempeleka mwanawe sindanoni. Tena habari ikivuka bahari hupotewa na mipaka yake. Chanjo iliyogombaniwa Uingereza ilikuwa ya maradhi matatu. Katika zahanati za serikali hapa Kenya mtoto huchanjwa surua na rubela, akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Lakini neno linalofika kijijini ni “chanjo” tu, na hofu ya moja huwa hofu ya zote, hata ya polio na pepopunda.

Ewe kijana usomaye, katika nyumba nyingi wewe ndiwe msomaji wa mama na wa bibi. Kabla hujawasomea habari ya namna hii, uliza: wamehesabiwa watoto wangapi? Wamelinganishwa na nani? Nani alilipa? Je, gazeti lilirudi kutueleza mwisho wake? Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya uhai wa watoto, lisemwalo na lipimwe kwanza, kwani surua haingoji masahihisho ya gazeti.